Gitaa halisemi, linavuma, linakwaruza: mafundi wanajibu wasomaji

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaojiundia gitaa la umeme kwa mara ya kwanza. Wengine wamenunua vipande vilivyokwisha chongwa, wengine wamelivua gitaa kuukuu wakabaki na fungu la waya mezani. Kabla ya majibu, jambo moja linalowahusu wote: pasi ya kulehemia isiwashwe mpaka mita ikwambie hitilafu iko wapi. Mita ya kidijitali ya mafundi redio, yenye vipimo vya omu 200, kilo-omu 20 na megaomu 2, pamoja na milivolti 200, inatosha kwa yote yaliyoulizwa hapa.

Assalaam aleikum. Nimeunga gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi) mbili za hambaka, yaani zenye koili mbili kila moja, swichi ya njia tatu, volyumu moja na toni moja. Nikichomeka, kimya kabisa. Nilidhani pikapu ya kwenye daraja ni mbovu, nikaibadilisha, bado kimya. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Waaleikumu salaam. Anzia kwenye jeki, na usifungue kitu bado. Chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili wa kebo ubaki mkononi mwako. Mita iwe kwenye kilo-omu 20. Ncha moja iguse kichwa cha plagi, nyengine iguse shina lake. Fungua volyumu na toni mpaka mwisho. Usizibane ncha zote mbili kwa vidole, kwa sababu mwili wako nao una ukinzani wake na utaharibu vipimo vikubwa.

Gitaa zima linasoma hivi. Hambaka ya kawaida ina kilo-omu 7 hadi 9, na zile zilizozungushiwa waya mwingi hufika 12 mpaka 16. Swichi ikichagua pikapu moja, utaona namba ya pikapu hiyo ikiwa imepungua kidogo tu, maana poti ya volyumu (ukinzani unaobadilika unapozungusha kitufe) imekaa sambamba nayo: pikapu ya 8 pamoja na poti ya 500 husoma 7.9 hivi. Swichi ikiwa katikati, pikapu mbili zinazolingana hukaa sambamba na namba hushuka nusu, kwenye 4. Hapo wengi hushtuka wakadhani pikapu moja imekufa. Haijafa, ndiyo hesabu yake. Sasa anza kufunga volyumu taratibu. Namba itapanda mpaka ipite kipimo (hamia megaomu 2), kisha itateremka hadi sifuri ukifika mwisho.

Ukipata namba nyengine, isome namna hii. Karibu kilo-omu 500 (kwenye kipimo cha megaomu 2) huku volyumu ikiwa wazi: mita inaiona poti peke yake, pikapu haijafika. Ama waya wake haujashika kwenye swichi, ama koili imekatika. Sifuri, au omu moja mbili: waya wa moto, ule unaobeba mawimbi ya pikapu, umegusa ethi mahali fulani. Mita ikikataa kusoma hata kwenye megaomu 2, ikaonesha 1 peke yake au OL: njia imekatika baina ya jeki na volyumu, au ule waya wa ethi unaotoka kwenye jeki kwenda mgongoni mwa poti haupo.

Kwako wewe, pikapu zote mbili zimenyamaza, na kubadilisha moja hakukusaidia. Basi hitilafu iko pale zinapopita zote: swichi, volyumu au jeki. Tungebashiri utasoma sifuri, na ukiisoma, angalia kwanza jeki yenyewe. Plagi ikiingia, ule ulimi wa chuma unaoshika kichwa cha plagi husukumwa nje; kama tundu limepambwa kwa foili ya kinga, ulimi hugusa foili na sauti yote huishia kwenye ethi. Plagi ikitoka, ulimi hurudi na kila kitu huonekana salama. Ndiyo maana tunakutaka upime kebo ikiwa imechomekwa. Dawa yake ni kuizungusha jeki kidogo na kubandika utepe wa kuhami juu ya foili.

Pa pili ni volyumu. Poti ina miguu mitatu: mmoja wa pembeni unapokea kutoka kwenye swichi, wa kati unakwenda kwenye jeki, na wa pembeni uliobaki ndio unaokunjwa na kulehemiwa mgongoni mwa poti, yaani kwenye ethi. Ukikunja ule unaopokea, umezima gitaa zima. Pa tatu ni pikapu zenye waya mmoja uliozungukwa na msuko wa chuma. Uzi mmoja wa msuko ukitoroka ukagusa mguu wa swichi, basi tena. Kata msuko vizuri, usokote, kisha uutie risasi ya kulehemia kabla hujauunga.

Hambaka za waya nne zina mtego wao. Ndani yake mna koili mbili, na mwisho wa koili ya kwanza lazima uungwe na mwanzo wa ya pili. Rangi hutofautiana baina ya watengenezaji. Kwenye Seymour Duncan, nyeusi ni ya moto, kijani na ule waya mtupu ni ethi, nyekundu na nyeupe huungwa pamoja na kufungwa utepe. Kwenye DiMarzio, nyekundu ndiyo ya moto, kijani na waya mtupu ni ethi, nyeusi na nyeupe ndizo za kuunganisha. Ukifuata mchoro wa kampuni moja kwa pikapu ya nyengine, utakesha. Pikapu isiyo na karatasi, mita itakusaidia: tafuta jozi mbili zinazosoma kilo-omu 4 hivi kila moja, hizo ndizo koili zako.

Neno dogo kuhusu namba zenyewe. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu iliyoandikwa kilo-omu 8 kwenye nyuzi 20 itasoma 8.3 kwenye chumba cha nyuzi 30, ambalo ndilo joto letu la kawaida kipindi cha kaskazi. Usiirudishe dukani kwa sababu hiyo.

Gitaa langu lina pikapu tatu za koili moja. Linavuma, nikishika nyuzi mvumo unapungua. Nyumbani ni afadhali, lakini ukumbini tunapopiga taarab ni balaa. Mwenzangu kanambia nikate ethi ya plagi ya amplifaya.
*Mpiga gitaa, Jang'ombe*

Usikate, na mwenzio mwambie asirudie kumwambia mtu. Nyuzi za gitaa lako zimeungwa na mwili wa amplifaya kwa waya unaopita chini ya daraja. Amplifaya ikipata hitilafu bila ethi, volti 230 zinakuja moja kwa moja kwenye vidole, na mdomo ukigusa maikrofoni iliyo na ethi yake, umeme unapita kifuani. Hatari iko upande wa pili pia: mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kushika maikrofoni isiyokuwa na ethi sawasawa. Ukumbini hakikisha gitaa, kinanda na mikrofoni zote zimechomekwa kwenye njia moja ya umeme yenye ethi, ikilindwa na kikatizi cha umeme unaovuja cha miliampea 30. Kebo ya nyongeza ya pini mbili isionekane jukwaani. Kama ukumbi unatumia jenereta, ethi yake ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Si kazi ya mpiga gitaa.

Sasa mvumo wenyewe. Kuna aina mbili, na dawa ya moja haiponyi nyengine.

Wa kwanza ni mnene na laini, hezi 50, chini kabisa ya uzi mnene wa gitaa ambao ni hezi 82. Huo unaletwa na sumaku ya transfoma na ya nyaya za umeme, na koili yako inaupokea sawasawa na inavyopokea nyuzi. Simama na gitaa, kisha zunguka polepole mpaka umalize duara. Kama kuna pembe ambapo mvumo karibu unakufa, ndio huo. Foili hata uibandike mara tatu haitauzuia. Dawa yake ni kukaa mita mbili tatu mbali na transfoma na taa zinazofifishwa kwa swichi ya kuzungusha, kuchagua pembe nzuri, au kutumia koili mbili zinazofutana. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa shida hiyohiyo.

Hata hivyo gitaa la pikapu tatu za koili moja linaweza kuwa na nusu ya dawa hiyo. Pikapu ya kati ikiwa imezungushwa kinyume na sumaku yake pia imegeuzwa, basi swichi ikiwa kwenye nafasi ya 2 na ya 4 mvumo hupungua sana. Jaribu: kama nafasi hizo mbili ni tulivu kuliko 1, 3 na 5, unazo. Kama hazina tofauti, pikapu zako zote ni za upande mmoja. Unaweza kuhakikisha kwa dira ya kibla: isogeze polepole juu ya vichwa vya kila pikapu uone ncha gani ya mshale inavutwa. Ya kati inatakiwa ivute ncha tofauti na jirani zake. Isogeze kiasi cha mshale kugeuka tu, usiilaze juu yake, kwani sumaku ya pikapu ina nguvu ya kuugeuza mshale wa dira ya bei rahisi moja kwa moja, ukaja kusali umeelekea Kongo.

Mvumo wa pili una makali, unachacharika kama nyuki. Unatoka kwenye taa za mirija, taa za LED za bei ndogo na chaja za simu. Unapita hewani kama redio, na mwili wako unaukusanya. Unaposhika nyuzi na ukapungua, maana yake ni kwamba waya wa daraja unafanya kazi yake. Hivyo barua yako inaonesha ethi ya gitaa ni nzima, kilichopungua ni kinga. Kwa wenye dalili nyengine: kama kushika nyuzi hakubadilishi kitu ila kushika chuma cha jeki kunatuliza, waya wa daraja umekatika au umebanwa juu ya rangi. Pima kutoka kwenye uzi hadi shina la plagi; isizidi omu 1. Ikizidi, kwangua rangi pale waya unapobanwa mpaka chuma kiwe cheupe. Na kama kushika nyuzi kunaongeza kelele, waya za jeki zimegeuzwa: wa moto uko kwenye shina na ethi iko kwenye kichwa.

Kuweka kinga si kazi ngumu, inataka subira. Nunua foili ya shaba yenye gundi. Kabla ya kupamba gitaa zima, bandika vipande viwili kimoja juu ya chengine kwa upana wa sentimita moja, pima kutoka kimoja hadi chengine. Gundi nyengine zinapitisha umeme, nyengine hazipitishi kabisa, na maandishi ya pakiti si ya kuaminiwa. Kama hazipitishi, weka tone la risasi kwenye kila ungio. Pamba sakafu na kuta za shimo, na ukingoni ilaze nje kwa milimita 5 hivi, ili kifuniko nacho kikiwa na foili mgongoni vigusane kikibanwa kwa skrubu. Waya mmoja kutoka kwenye foili hadi mgongoni mwa volyumu. Pima kila kipande dhidi ya shina la jeki: chini ya omu 1, la sivyo kipande hicho hakikingi chochote. Foili ya aluminiamu ya jikoni inakinga vilevile, lakini risasi haishiki juu yake, itakubidi ubane waya kwa skrubu yenye pete. Mwisho hami miguu ya swichi na jeki kwa utepe, tusirudi kwenye barua ya kwanza.

Pikapu mbili zikicheza pamoja, sauti inakuwa nyembamba kama inapigwa puani. Kila moja peke yake ni nzuri.
*Chake Chake*

Zimepishana mwelekeo: moja inasukuma wakati nyengine inavuta, na besi zinafutana. Mita iwe kwenye milivolti 200 za umeme wa betri, au tumia mita ya mshale ambayo kwa hili ni bora. Chomeka kebo, chagua pikapu moja, bandika bisibisi ya chuma juu ya vichwa vyake kisha ing'oe kwa ghafla. Mshale utaruka upande mmoja, au namba itatoka na alama ya kutoa au bila. Rudia kwa pikapu ya pili. Zikitofautiana, geuza waya mbili za pikapu moja.

Kwa koili moja geuza bila wasiwasi, ila kama ina kifuniko cha chuma, kwanza kata kile kiungo kidogo kinachounga kifuniko na waya wake wa ethi, ukipe kifuniko waya wake. Hambaka yenye waya mmoja na msuko usiigeuze: msuko na kifuniko vitakuwa vya moto na gitaa litalia kila ukigusa. Geuza ile nyengine.

Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya ufundi. Mchoro unasema poti A500K. Duka la vifaa vya redio limenipa B50K, wanasema ni sawasawa. Na kapasita nimepewa iliyoandikwa 104. Nitumie?
*Wete*

Hapana kwa poti, na kwa kapasita ni afadhali kidogo. Poti ya kilo-omu 50 inanyonya mawimbi ya pikapu hata ikiwa wazi kabisa. Sauti kali za juu zitapotea na gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi. Poti hizo hutengenezwa kwa redio na kwa gitaa zenye betri. Pikapu za kawaida zinataka 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka. Ukiwa na 500 tu na pikapu zako ni za koili moja, lehemu rezista ya kilo-omu 470 baina ya miguu miwili ya pembeni ya volyumu. Zikikaa sambamba utapata 242, tofauti na 250 hutaisikia.

Herufi A ni poti inayopanda kwa hesabu ya sikio, B inapanda sawasawa. Ukitia B kwenye volyumu, sauti itashuka kwa uchache sana mwanzoni, kisha itaporomoka karibu na mwisho. Inacheza, inaudhi tu. Kuwa mwangalifu na herufi hizo kwa poti kuukuu, kwani zamani baadhi ya watengenezaji walizitumia kinyume. Pima: izungushe mpaka nusu, soma kati na pembeni. Kama nusu zote mbili zinalingana, ni ile inayopanda sawasawa.

Kapasita ya 104 ni mikrofaradi 0.1. Zinazotumika sana ni 223 (mikrofaradi 0.022) kwa hambaka na 473 (0.047) kwa koili moja. Hiyo 104 itafanya toni iwe nzito mno ikifungwa, ila ikiwa wazi hutaona tofauti kubwa. Volti zilizoandikwa juu yake usizijali, hamna volti humo. Na zile kapasita za bei ya ajabu zinazosifiwa mitandaoni, ziwache: yenye thamani ileile ya kauri au plastiki inafanya kazi ileile.

Kabla ya kulipa, pima shingo ya poti. Ndogo za kimetriki zinapita kwenye tundu la milimita 7 au 8, kubwa za Kimarekani zinataka karibu milimita 10. Tundu dogo unaweza kulipanua. Kubwa huwezi kulirudisha.

Risasi haishiki mgongoni mwa poti, inadondoka kama shanga. Nimeng'ang'ania mpaka ikashika, sasa volyumu inakwaruza.
*Bububu*

Kung'ang'ania ndiko kulikoiunguza. Mgongo wa poti ni bati nene linalomeza moto. Pasi ya wati 25 yenye ncha ya sindano inachukua dakika nzima kulitia joto, na muda wote huo joto linashuka kwenye grisi na utepe wa kaboni ndani. Tumia wati 40 hadi 60, ncha pana ya patasi, joto la nyuzi 350 hadi 380. Moto mwingi kwa muda mfupi ndio salama.

Vifaa vikikaa kwenye kabati la huku kwetu msimu mmoja wa masika hufanya ukungu hata kama havijatumika, na risasi haipendi ukungu. Sugua mgongo wa poti kwa msasa wa 400 mpaka pang'ae, eneo la ukucha. Pangusa kwa spiriti. Paka utomvu wa kulehemia kidogo. Ule wa asidi wa mafundi mabomba usiuguse, utakula waya mwaka huohuo. Laza ubavu wa patasi, si ncha, juu ya bati. Hesabu mbili, gusisha risasi ya 60/40 pembeni mwa pasi. Inatakiwa itandae na kulowesha bati, ukingo wake uwe mwembamba unaolala. Ikisimama kama tone la mvua juu ya jani la mgomba, bati halijapata joto. Toa pasi, ngoja poti ipoe kabisa, anza tena. Sekunde tano zisipite. Ukishapata kidimbwi kinachong'aa, waya ambao umekwisha utia risasi unauzamisha kwa sekunde moja mbili, na usiutikise mpaka risasi igande. Ungio la kijivu lenye chembechembe limetikiswa, liyeyushe upya.

Hiyo poti iliyounguzwa jaribu kwanza dawa ya kusafishia swichi. Puliza kidogo kwenye upenyo ulio juu ya miguu, zungusha mwisho hadi mwisho mara thelathini. Mafuta ya kulegeza skrubu zenye kutu si badala yake, yanabaki ndani na kukusanya vumbi. Ikiendelea kukwaruza, au namba kwenye mita ikiruka unapozungusha polepole, itupe.

Pikapu ya gitaa langu la zamani inasoma OL. Vichwa vya sumaku vina kutu. Inafufuka?
*Msomaji, Mkoani*

Mara nyengine. Waya wa koili una unene wa milimita 0.063 hivi, na kwenye pikapu nyingi za koili moja umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Chumvi ya bahari ikiitia sumaku kutu, kutu inavimba na kula waya ulio karibu nayo, yaani mzunguko wa kwanza wa ndani. Hapo hapafikiki bila kufungua koili nzima na kuzungusha upya mizunguko elfu saba na zaidi.

Ila kabla hujakata tamaa, tazama kwa kioo cha kukuzia pale waya mwembamba unapolehemiwa kwenye vijicho viwili chini ya pikapu. Mara kwa mara umekatika papo hapo. Ukiona ncha ya nje imening'inia, ikwangue varnishi kwa kisu kwa upole, iunge na kipande cha waya mwembamba wa shaba, lehemu. Ikisoma tena kilo-omu 5.5 hadi 7, umeipata. Ifunike kwa tone la nta na uipake sumaku varnishi.

Mimi napiga udi kwenye kikundi cha taarab, tuko wanawake tu. Nimenunua pikapu ya gitaa ya kubandika mbele ya tundu, haitoi kitu. Nifanyeje?
*Bibi mmoja, Malindi*

Bibi, pikapu hiyo husikia chuma chenye kuvutwa na sumaku. Nyuzi za udi ni nailoni, na zile nene zimezungushiwa shaba au fedha, sumaku haizioni. Kinachofaa ni kidonge cha piezo, kile kisahani cha shaba cha milimita 27 kilichomo kwenye vifaa vya kutoa mlio, ambacho mafundi redio wanacho. Kibandike kwa utepe wa pande mbili ndani ya udi, chini ya ubao wa mbele, karibu na daraja upande wa nyuzi nene. Kabla ya kukibandika ndani, kijaribu nje kwa utepe dhaifu na usogeze sentimita moja moja. Sauti hubadilika sana.

Waya wa ethi ulehemiwe kwenye shaba, wa moto kwenye duara jeupe la kati, na hapo sekunde moja tu, kwani joto likizidi kidonge huwa kiziwi. Usikiunge moja kwa moja kwenye mikisa. Kidonge hicho kina uwezo wa nanofaradi 20 hivi, na pembejeo (mlango wa kuingizia sauti) ya mikisa yenye kilo-omu 10 itakukatia kila kilicho chini ya hezi 800, ukabaki na sauti ya bati. Kinahitaji pembejeo ya megaomu 1: boksi la kati lenye umeme wake, au kikuzaji kidogo cha betri ya volti 9 kilicho ndani ya udi.

Ukichagua cha betri, jeki iwe ya stereo. Waya mweusi wa betri ulehemiwe kwenye mguu wa pete ya kati ya jeki, ethi kwenye mguu wa shina, mawimbi kwenye mguu wa kichwa. Plagi ya kawaida ikiingia inaunga pete na shina, na kikuzaji kinawaka. Ukimaliza kupiga chomoa plagi kwenye udi. Ukiiwacha humo usiku kucha, betri inaendelea kuliwa.